Kufuli za sanduku la barua: jinsi ya kuzuia programu mbili zisiandike faili moja kwa wakati mmoja

Sanduku la barua lililoharibika hutambulika ukilifungua tu kwa `less`. Ndani utakuta kitu cha namna hii:

```
From duka@example.org Mon Mar  4 08:15:02 2024
Subject: Ankara ya Februari

Habari. Tafadhali pokea ankara ya mwezi uliopita. Jumla ni shFrom ofisi@example.org Mon Mar  4 08:15:02 2024
Subject: Kikao cha saa nne
```

Barua mbili zimefika sekunde ile ile, kila moja ikiletwa na mchakato wake (programu inayoendeshwa wakati huo), na moja imeandikwa ndani ya tumbo la nyingine. Katika muundo wa mbox barua zote za mtumiaji hukaa kwenye faili moja, na kinachozitenganisha ni mstari unaoanza na `From` na nafasi baada yake. Hapa `From` ya pili imeangukia katikati ya mstari, kwa hiyo programu ya kusomea barua haijui kwamba kuna barua ya pili. Mwenye sanduku ataona ankara yenye mkia usioeleweka, na kikao kitampita.

Huo ni uharibifu wenye afadhali, kwa sababu unaonekana. Ulio mbaya zaidi haubakizi alama. Mtu anafuta barua tatu za zamani kwenye simu yake, na Dovecot (programu inayowapa watumiaji barua zao kwenye simu na kompyuta) inalazimika kuliandika upya faili ili kuziba nafasi zilizobaki. Katikati ya kazi hiyo Postfix (programu inayopokea barua na kuziweka sandukuni) inaongeza barua mpya mwishoni. Dovecot inamaliza kuandika, inakata faili kwa urefu inaoujua yenyewe, na barua mpya inakwenda na maji. Kwenye logi ya Postfix imeandikwa `status=sent (delivered to mailbox)`. Aliyetuma hapati taarifa yoyote ya kushindwa. Anayesubiri barua anaambiwa ilishafika, na kweli ilifika.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia seva ya Debian au Ubuntu yenye Postfix na Dovecot, na masanduku ya mbox chini ya `/var/mail`. Mifano inatumia mtumiaji aitwaye `juma`. Weka jina lako. Amri nyingi zinahitaji uwe root.

## Kufuli ni makubaliano

Kwenye nyumba ya kupanga yenye bafu moja la pamoja, taulo likiwa limetundikwa mlangoni maana yake kuna mtu ndani. Taulo halimzuii mtu kusukuma mlango. Linafanya kazi kwa sababu wapangaji wote wanalijua na kuliheshimu. Kufuli za sanduku la barua kwenye Linux ni hivyo hivyo: kerneli (kiini cha mfumo) haimzuii asiyeuliza. Programu isiyotazama kufuli itaandika tu, na mfumo hautalalamika. Ndiyo maana kazi yako kubwa ni kuhakikisha kila anayegusa faili anatazama ishara ile ile. Kuwasha kufuli kwenye programu moja peke yake hakukupi kitu.

Ishara zenyewe ziko tatu.

Ya kwanza ni faili la kufuli. Anayetaka kuandika `/var/mail/juma` anaunda kwanza faili liitwalo `/var/mail/juma.lock`. Likiwa lipo tayari, anasubiri. Akimaliza, analifuta. Ni mbinu kongwe, inaeleweka hata kwa macho ya `ls`, na ikitengenezwa vizuri inafanya kazi hata kwenye diski ya mtandao. Udhaifu wake ni kwamba programu ikifa ghafla, au umeme ukikatika, faili linabaki pale pale.

Ya pili ni `fcntl`. Hii ni kufuli inayotunzwa na kerneli juu ya faili lenyewe. Mchakato ukifa, kerneli inaiachia papo hapo, hakuna mabaki.

Ya tatu ni `flock`. Nayo inatunzwa na kerneli, lakini kwenye diski ya ndani ya Linux haionani na `fcntl`. Programu moja ikishika `flock` na nyingine ikashika `fcntl`, zote mbili zitapewa ruhusa kwa pamoja na zote zitaamini ziko peke yao. Masanduku mengi yameharibikia hapa, kwa sababu kila msimamizi aliyeulizwa alijibu kwa kweli kabisa kwamba programu yake inafunga.

## Hatua ya 1: Jua nani wanagusa sanduku

Anza na Postfix:

```
postconf mailbox_command mailbox_delivery_lock home_mailbox
postconf -l
```

Soma `mailbox_command` kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ina thamani, kwa mfano `procmail` (programu ya kuchambua barua na kuziweka sandukuni), basi Postfix haiandiki sandukuni yenyewe. Inamkabidhi procmail barua, na procmail ndiye anayefunga. Utahangaika bure na `mailbox_delivery_lock` huku haitumiki. Ikiwa `mailbox_command` ni tupu, tazama `mailbox_delivery_lock`. Kwa kawaida kwenye Linux ni `fcntl, dotlock`, ambapo `dotlock` ndilo faili la kufuli. `postconf -l` inakuonyesha mbinu ambazo Postfix yako inazijua.

Kisha Dovecot:

```
doveconf mbox_read_locks mbox_write_locks
```

Na hawa wengine, kama wapo:

```
procmail -v
mutt -v | grep -i lock
```

`procmail -v` ina mstari uitwao `Locking strategies`, mara nyingi `dotlocking, fcntl()`. Mutt, programu ya kusomea barua kwenye terminali, inaonyesha alama ya kujumlisha au kutoa mbele ya `USE_FCNTL`, `USE_FLOCK` na `USE_DOTLOCK`.

Wanaosahaulika ni skripti. Tafuta:

```
grep -rl -e /var/mail -e /var/spool/mail /etc/cron* /var/spool/cron /usr/local /root 2>/dev/null
```

Nakala rudufu za usiku, skripti ya kuhesabu barua, skripti ya kufuta barua za zamani za root, mpangilio wa logrotate (chombo cha kukata logi zilizokuwa kubwa) ambao mtu aliuelekeza kwenye sanduku kwa sababu lilikuwa kubwa. Kila kimoja kati ya hivi kinaingia bafuni bila kutazama mlango. Wahesabu pia binadamu: `nano` na `vim` hazifungi sanduku la barua. `sed -i` ni hatari zaidi, kwa kuwa haibadilishi faili lililopo bali inaandika faili jipya na kulipa jina la zamani. Mchakato uliokuwa umelifungua la zamani utaendelea kuandika humo, ndani ya faili ambalo halina jina tena na litatoweka likifungwa.

## Hatua ya 2: Wapatanishe

Kanuni ni fupi: kila wawili wanaoandika lazima wawe na angalau mbinu moja inayofanana. Si lazima wote watumie zote. Postfix ikitumia `fcntl` na faili la kufuli, skripti yako ikitumia faili la kufuli tu, wataonana.

Debian imeliweka hili kwenye sera yake: programu yoyote inayogusa masanduku itumie `fcntl` pamoja na faili la kufuli, na `fcntl` ishikwe kwanza. Usipokuwa na sababu nzito ya kufanya vingine, fuata hivyo. Kwa Postfix:

```
postconf -e 'mailbox_delivery_lock = fcntl, dotlock'
systemctl reload postfix
```

Kwa Dovecot, kwenye `/etc/dovecot/conf.d/10-mail.conf`:

```
mbox_read_locks = fcntl
mbox_write_locks = fcntl dotlock
```

Mpangilio wa maneno kwenye mstari huo una uzito. Programu A ikishika `fcntl` halafu inasubiri faili la kufuli, na programu B imeshika faili la kufuli halafu inasubiri `fcntl`, zitasubiriana mpaka mmoja achoke. Barua haipotei, ila mtumiaji anaona simu inazunguka tu dakika nzima na foleni ya Postfix inajaa. Ukiona Dovecot inaandika mara kwa mara kwamba muda wa kusubiri kufuli umekwisha, na hakuna kufuli kongwe kwenye saraka, shuku mpangilio.

Dovecot ina chaguo jingine, `dotlock_try`: inajaribu kuunda faili la kufuli, na ikikosa ruhusa inaendelea bila hilo. Mimi sishauri uiwashe kwenye seva ambayo kuna programu zinazotegemea faili la kufuli peke yake. Inanyamazisha kosa ambalo ungetaka kulisikia.

## Hatua ya 3: Ruhusa za saraka

Faili la kufuli linaundwa ndani ya `/var/mail`, kwa hiyo anayefunga anahitaji ruhusa ya kuandika kwenye saraka, si kwenye sanduku tu. Hapa ndipo seva nyingi zilizohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine zinapokwama, kwa sababu mtu alinakili `/var/mail` bila kuhifadhi ruhusa. Kwenye logi utasoma:

```
unable to create lock file /var/mail/juma.lock: Permission denied
```

Rudisha hali inayotakiwa:

```
chown root:mail /var/mail
chmod 2775 /var/mail
chown juma:mail /var/mail/juma
chmod 660 /var/mail/juma
```

Na kwa Dovecot:

```
mail_privileged_group = mail
```

Kuna njia mbili za mkato ambazo utashauriwa na wengi, na zote uzikatae. Moja ni `chmod 1777 /var/mail`. Kosa linaondoka, lakini sasa mtumiaji yeyote anaweza kuunda `juma.lock` na kuzuia barua za Juma. Nyingine ni kuwaingiza watumiaji kwenye kundi la `mail`. Masanduku yakiwa 660 na kundi `mail`, kila uliyemwingiza anaweza kusoma barua za wote. Hizo ni siri za watu; kosa la kwenye logi lisikufanye uzitandaze.

## Hatua ya 4: Procmail na nukta mbili ya pili

Kama procmail ndiye anayepeleka barua, kufuli ya sanduku kuu anaishughulikia mwenyewe. Lakini kwenye `.procmailrc`, kila kanuni inayoandika faili jingine inahitaji kufuli yake, na kufuli hiyo inaombwa kwa nukta mbili ya pili kwenye mstari wa kwanza:

```
:0:
* ^Subject:.*ankara
ankara
```

Tazama vizuri: `:0:` inafunga, `:0` haifungi. Tofauti ni alama moja, na kanuni bila hiyo itafanya kazi miezi mingi bila tatizo, hadi siku barua mbili za ankara zitakapofika pamoja.

Ukipeleka barua kwenye programu, procmail haiwezi kubuni jina la kufuli, kwa hiyo mpe:

```
:0 w: ripoti.lock
* ^From:.*benki
| /usr/local/bin/andika-ripoti
```

`w` inamfanya asubiri programu imalize na kutazama ilimalizaje. Usipompa jina, kwenye logi utakuta `Couldn't determine implicit lockfile`. Ukimpa kufuli mahali pasipohitaji, kwa mfano kwenye kanuni ya kupeleka barua kwa anwani nyingine kwa `!`, atasema `Extraneous locallockfile ignored`. Ujumbe huo wa pili hauna madhara. Wa kwanza una madhara. Urekebishe siku hiyo hiyo.

Kwa kawaida procmail hutazama kufuli kila sekunde 8, na kufuli ikizidi sekunde 1024 huihesabu imeachwa na kuivunja. Kama una programu inayoshika kufuli zaidi ya robo saa, ongeza `LOCKTIMEOUT`.

## Hatua ya 5: Skripti zako mwenyewe

Hii ndiyo sehemu ninayoomba usome polepole. Skripti nyingi hufunga hivi:

```
if [ ! -e /var/mail/juma.lock ]; then
    touch /var/mail/juma.lock
    ...
```

Hii si kufuli. Kati ya kuuliza kama faili lipo na kuliunda kuna upenyo. Skripti ya kwanza inauliza, inajibiwa halipo. Kabla haijaunda, kerneli inampa nafasi mchakato mwingine, nao unauliza na kujibiwa halipo. Wote wanaunda, kwa kuwa `touch` haigombi faili likiwepo. Wote wanaingia. Upenyo ni mdogo sana, ndiyo maana kosa halitokei ukijaribu. Hutokea seva ikiwa na kazi nyingi, wakati ambao barua nazo ni nyingi.

Kuuliza na kuunda lazima viwe kitendo kimoja kisichokatika. Programu za barua hufanya hivi: zinaunda faili la muda lenye jina lisilofanana na jingine, halafu zinaliunganisha na jina la `juma.lock` kwa kiungo kigumu (hard link, yaani jina la pili la faili lile lile), kitendo ambacho kinashindwa jina likiwa limeshachukuliwa. Kisha zinakagua kwamba faili lina viungo viwili. Huna haja ya kuyaandika hayo mwenyewe. Weka kifurushi cha `liblockfile-bin`, chenye amri ya `dotlockfile`:

```
#!/bin/sh
SANDUKU=/var/mail/juma
KUFULI="$SANDUKU.lock"

if ! dotlockfile -l -p -r 10 "$KUFULI"; then
    echo "Sanduku bado limefungwa, naacha" >&2
    exit 75
fi
trap 'dotlockfile -u "$KUFULI"' EXIT
trap 'exit 1' HUP INT TERM

cp -p "$SANDUKU" /var/backups/mail/juma.$(date +%F)
```

`-l` inafunga, `-u` inafungua, `-r 10` inajaribu tena hadi mara kumi. `-p` inaandika nambari ya mchakato wa skripti ndani ya faili, ili `dotlockfile` nyingine ikikuta kufuli iweze kuuliza kama mwenyewe bado yuko hai. Bila `-p`, kufuli yenye umri wa zaidi ya dakika 5 inahesabiwa imeachwa. `trap` inahakikisha kufuli inafunguliwa hata skripti ikikatishwa katikati. Namba 75 kwenye `exit` ina maana yake kwenye mifumo ya barua: nimeshindwa kwa muda, jaribu baadaye. Skripti ikiwa imeitwa na Postfix, barua itarudi kwenye foleni badala ya kukataliwa.

Jambo moja ambalo mwongozo wa `dotlockfile` hautakuonya: Postfix haisomi nambari ya mchakato iliyo ndani. Inatazama umri. Faili la kufuli likizidi `stale_lock_time`, ambayo kwa kawaida ni sekunde 500, Postfix inalifuta na kuendelea. Kama kunakili sanduku kubwa kunachukua dakika kumi, kufuli yako itavunjwa ukiwa bado ndani. Ama fanya kazi iwe fupi (nakili haraka kwenye diski ile ile, fungua, ndipo ubane na kutuma mbali), au weka mchakato wa pembeni unaoita `dotlockfile -t` kila dakika ili umri uanze upya.

Ukitumia Python, moduli ya `mailbox` ina kufuli tayari, `fcntl` pamoja na faili la kufuli:

```python
import mailbox, sys

try:
    s = mailbox.mbox('/var/mail/juma')
    s.lock()
except mailbox.ExternalClashError:
    sys.exit(75)
try:
    for k in list(s.keys()):
        if 'jaribio' in str(s[k]['subject'] or ''):
            s.remove(k)
    s.flush()
finally:
    s.unlock()
```

`lock()` hapa haisubiri; ikikuta kufuli inashindwa hapo hapo, ndiyo maana ya `ExternalClashError`. Funga kabla ya kusoma orodha ya barua, si baada. Ukisoma kwanza ndipo ufunge, kinachoandikwa na `flush()` ni hesabu ya sanduku ambalo huenda limeshabadilika.

Kazi za cron (zinazoendeshwa zenyewe kwa ratiba) zinazoweza kupandana zenyewe kwa zenyewe ni suala tofauti. Kazi ya kuchota barua kila dakika tano, ikichelewa, itakutana na mwenzake wa zamu inayofuata. Hapo `flock` inafaa sana:

```
*/5 * * * * flock -n /run/lock/chota-barua.lock /usr/local/bin/chota-barua
```

Usichanganye hii na kufuli ya sanduku. Inazuia skripti isijirudie, basi; Postfix haina habari nayo. Na faili la `chota-barua.lock` litabaki hata kazi ikiisha, ni kawaida. Kuwepo kwake hakumaanishi limefungwa. Usiweke `rm` mwishoni kwa ajili ya usafi: ukilifuta wakati mmoja ameshalifungua na anasubiri zamu, anayefuata ataunda jipya lenye jina lile lile, na wote wawili watakuwa na kufuli, kila mmoja ya faili lake.

## Hatua ya 6: Jaribu, usiamini mpangilio

Fungua terminali mbili. Kwenye ya kwanza, ukiwa `juma`:

```
dotlockfile -l -m
ls -l /var/mail/juma.lock
```

`-m` ina maana sanduku la mtumiaji huyu. Kwenye ya pili:

```
echo jaribio | sendmail juma
journalctl -f | grep postfix
```

Postfix itajaribu mara 20, sekunde moja kati ya jaribio na jaribio, kisha uone `status=deferred`. Barua iko salama kwenye foleni, `mailq` itakuonyesha. Rudi terminali ya kwanza, toa `dotlockfile -u -m`, halafu kama root `postqueue -f`. Barua iingie. Kama badala ya hayo uliona `status=sent` wakati kufuli ipo, Postfix haitazami faili la kufuli, rudi hatua ya 2. Kama anayepeleka ni procmail, hutaona kitu kwenye logi mpaka ufungue, anasubiri kimya.

Jaribu pia `fcntl`, kwa kushika sanduku nusu dakika:

```
python3 -c "
import fcntl, time
f = open('/var/mail/juma', 'r+')
fcntl.lockf(f, fcntl.LOCK_EX)
time.sleep(30)"
```

Wakati imelala, endesha `lslocks` kwenye terminali nyingine. Utaona `python3`, aina `POSIX`, hali `WRITE`. Tuma barua, fungua sanduku kwa simu kupitia Dovecot, na tazama vyote vinasubiri. Fanya hivi kwa kila aliyemo kwenye orodha ya hatua ya 1, pamoja na skripti.

## Kufuli iliyoachwa

Seva imezimika ghafla, imewaka, na barua za mtu mmoja haziingii. Kuna `juma.lock` ya tangu jana. Mkono unakimbilia `rm`. Usiifute kabla ya kujua ni ya nani:

```
ls -l --time-style=full-iso /var/mail/juma.lock
cat /var/mail/juma.lock
fuser -v /var/mail/juma
```

Yaliyomo ni kidokezo. Dovecot huandika nambari ya mchakato na jina la mashine, zikitenganishwa na nukta mbili. Procmail huandika sifuri tu. Nyingine huacha tupu. Ukipata nambari, `ps -p` itakuambia kama mchakato huo yuko hai na kama kweli ni programu ya barua; baada ya kuwasha upya, nambari ile ile inaweza kuwa imepewa programu nyingine kabisa. Ukikuta jina la mashine nyingine, au kama Dovecot iko ndani ya kontena, `ps` ya hapa haina jibu. Kaulize huko.

Ukihakikisha imeachwa, simamisha kwanza wanaoandika:

```
postfix stop
systemctl stop dovecot
rm /var/mail/juma.lock
systemctl start dovecot
postfix start
```

Dakika mbili za kusimama hazipotezi barua. Seva za nje zitaona Postfix haijibu na zitajaribu tena. Ukifuta bila kusimamisha, kuna upenyo ule ule wa kwenye `touch`: kati ya kukagua na kufuta, mwingine anaweza kuwa amevunja kufuli kongwe na kuweka yake halali, nawe ukafuta hiyo.

Kama `/var/mail` iko kwenye NFS (diski ya mtandao) na mashine mbili zinaitumia, sawazisha saa za mashine zote kwa chrony kabla ya lolote. Umri wa kufuli unapimwa kwa saa. Mashine iliyo mbele kwa dakika kumi itaona kila kufuli ya mwenzake ni kongwe na kuivunja. Na usitegemee `flock` huko.

## Kuhamia Maildir

Ukiwa unaanza seva mpya, usianze na mbox. Maildir, muundo uliobuniwa na Daniel Bernstein kwa ajili ya qmail, unaweka kila barua kwenye faili lake. Barua inaandikwa kwanza ndani ya `tmp`, kwa jina lisilojirudia, ikikamilika ndipo inahamishiwa `new`. Ikishaonwa na programu ya kusomea inahamia `cur`. Wapelekaji wawili hawakutani kwenye faili moja, kwa hiyo hawahitaji kufuli ya sanduku.

```
postconf -e 'home_mailbox = Maildir/'
postconf -e 'mailbox_command ='
systemctl reload postfix
```

Mstari wa pili usiuache, maana `mailbox_command` ina nguvu kuliko `home_mailbox`. Kama procmail anabaki, mpe majina yanayoishia na mkwaju, `ankara/`, na uondoe ile nukta mbili ya pili.

Kwa Dovecot ya mfululizo wa 2.3, badilisha `mail_location` iwe `maildir:~/Maildir`. Barua za zamani ziingize ukiwa umesimamisha Postfix na Dovecot, moja kwa moja kutoka faili la mbox, na ulinganishe idadi kabla ya kuwasha:

```
grep -c '^From ' /var/mail/juma
find /home/juma/Maildir/new /home/juma/Maildir/cur -type f | wc -l
```

Zikitofautiana, lifungue la zamani kwa `less` na utafute `From` zilizoangukia katikati ya mistari.